Vitunguu vya Tulipu Juu ya Jiko

Ningesema, yangechanua? Swali hilo limeninyima usingizi tangu nimalize chuo, na nikikuambia ni la maua utanicheka. Juzi nilipita Langley Park, huku Marekani tulikohamia, nikakuta ule ukanda wa udongo nyuma ya jengo letu la zamani umemwagiwa lami, magari yameegeshwa juu. Tangu siku hiyo limezidi.

Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Shosho, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Nyeri kwa ajili ya harusi ya Anti, kitinda mimba wake, ambayo ingefanyika Aprili. Huku hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kuchinja, kwa hiyo aliapa kwamba binti yake atashika maua yaliyooteshwa na mama yake. Majani yalipoanza kupukutika, Anti alimletea mfuko wa vitunguu vya tulipu, mbegu za maua zinazofanana na vitunguu vya kupikia. Shosho akavitunza kama alivyotunza mbegu za mahindi maisha yake yote: akavitia kwenye kiondo, kikapu chake cha kusukwa, akakitundika juu ya jiko, mahali pakavu penye joto, vingoje mvua ya Machi.

Kila Jumamosi, sukuma wiki ikikaangwa chini yangu, kazi yangu ilikuwa kupanda kitini nivigeuze kimoja kimoja visioze. Jirani yetu Mkongomani hakuchoka kumtania.

"Mama, ile supu ya vitunguu tutaikula siku gani?"

"Wewe ngoja tu," Shosho alimjibu. "Utakuja kuniomba ua la kuweka kwa koti."

Nami nilijua. Januari, theluji ikiwa dirishani, mwalimu alituambia kwamba tulipu hulala ardhini baridi yote. Isipoionja baridi hiyo, haitoi ua. Nilirudi nyumbani mbio. Nilipofika mlangoni nikaanza kuwaza. Mimi ni nani nimfundishe mkulima kupanda? Na kama mwalimu amekosea? Kiswahili changu kilikuwa cha kupokea amri tu: lete, osha, zima. Nikapanda kitini, nikavigeuza.

Machi mvua ikanyesha, tukapanda. Yalitoka majani, mapana, ya kijani, hata yalipendeza. Ua halikutoka hata moja. Anti alifunga ndoa akiwa ameshika waridi za dukani, na Shosho alikaa kiti cha mbele akitazama mikono yake.

"Udongo wa huku umenikataa," alisema, na akarudia maneno hayo uwanja wa ndege. Hakuotesha ua tena, hata kwake Nyeri. Alikufa hivyo.

Kile kiondo sijui kilienda wapi. Jirani alihama. Tunaokumbuka tumebaki wawili, mimi na Anti. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilikwenda kwake Gaithersburg, nikakataa chai mpaka niseme, nikamwambia yote.

Alilitua birika la chai mezani.

"Mama alienda akidhani ni udongo," akasema. "Sasa ukiniambia mimi, nimpelekee wapi?"

Nilikuwa nimeshasema.