Mama Aliposikia Wimbo Wangu Redioni

Miaka sita niliimba nyimbo za taratibu za mapenzi katika hoteli moja mjini Kakamega, kila Jumapili alasiri, watu wakila na kuzungumza. Sikutulia. Nilibadilisha wapiga kinanda watatu, nikahama nyumba mara nne, nikaenda Kisumu nikarudi. Popote nilipokuwa, niliona kama ningeimba vizuri zaidi kwingine.

Hatimaye wimbo wangu mmoja ukapigwa redioni. Ulimhusu mwanamke aliyeachwa, akakataa kufua shati la mumewe ili harufu yake isipotee.

Kesho yake asubuhi mama akabisha mlangoni. Alikuwa ametoka Matungu bila kunipigia simu, kuku hai kwapani.

"Ni nani huyo?" akauliza kabla ya kuketi.

"Nani, Mama?"

"Mwenye shati. Tumekusikia ukilia redioni. Baba yako hajala tangu jana."

Nikacheka. "Hakuna mtu. Nimetunga tu."

"Mtu halianga hivyo kwa kitu ambacho hakipo."

Akafungua sanduku langu la nguo, akapekua mpaka chini. Magauni ya jukwaani tu. Akanigeukia, sauti imeshuka.

"Hata mmoja, mwanangu?"

"Hata mmoja."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kila aliyeanza kunizoea nilimkimbia, na sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Nikaenda kuchemsha maji ya kumnyonyoa kuku ili asinione uso.

Tulipokuwa tukila, mama akasema, "Basi umekosea. Dada yangu aliachwa, nilikuwa naye. Hakulia. Alipalilia miwa, akafua, akapika. Akiulizwa habari, anasema nzuri."

Jumapili iliyofuata niliuimba wimbo ule bila kilio, kama mtu anayejibu salamu. Mpiga kinanda akapotea njia. Meneja akanijia kuuliza kama ninaumwa. Lakini mhudumu mmoja, mama wa makamo, alisimama katikati ya meza na sahani mikononi mpaka nilipomaliza.

Mwezi ule niliacha hoteli. Siku hizi naimba harusini, mara Mayoni, mara Malinya, na wenyeji hulalamika kwamba nyimbo zangu hazichezeki. Mwaka jana nilianza kuonana na fundi wa baiskeli. Mara mbili nimeshafunga mizigo. Mara mbili nimeifungua.