Bupe wa Dirisha la Kadi

Wageni wanaokuja kituoni kwetu na magari meupe humwita Bupe "yule mama wa mafaili". Wanapita, wanapiga picha kompyuta, wanaondoka. Hawajui kwamba kwa miaka ishirini na mitatu kituo kizima kiliegemea kichwa cha yule mama. Mimi nafanya usafi hapo. Nimepiga deki mlangoni kwake tangu mwanangu Andendekisye ananyonya, kwa hiyo mengi ya ninayoandika nimeyaona, sikusimuliwa.

Jina la kituo silitaji. Kipo upande wa Uyole, ukiacha barabara kuu pale malori yanapopumzika. Wanaokijua wanakijua.

Bupe ni mtu wa Rungwe, ametoka kwenye migomba huko, darasa la saba kama mimi. Alikuja kwa dada yake, mtaa wa Soweto hapa mjini, akapata kibarua cha kufua mashuka ya wodi. Siku moja karani wa kadi hakutokea, na wagonjwa wamejaa mpaka nje. Daktari akauliza nani anaweza kusoma mwandiko wake. Bupe akaacha ndoo, akausoma wote bila kukwama. Wakamweka dirishani "kwa muda". Muda wenyewe ndiyo hiyo miaka ishirini na mitatu. Mumewe alifariki mapema na hakuolewa tena. Ukimuuliza anasema hawezi kuhudumia wanaume wawili, na mmoja tayari anaye, mganga mfawidhi.

Sasa nieleze kazi yake, maana hapo ndipo wasomi walipojikwaa.

Kwetu Wanyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtaji, hamwangalii usoni, akimwona njiani anapinda kona. Tunasema anamtila. Wewe cheka ukipenda, sisi tunaishi hivyo. Mume akimleta mkewe kituoni mara ya kwanza, mume ndiye anayesema, na kadi inaandikwa kwa majina ya ndoa: Frida Saulo, halafu ukoo. Saulo ndiye baba mkwe. Mara ya pili Frida anakuja peke yake, kadi imelowa mvua au mtoto ameichana, na dirishani anaulizwa majina matatu. Amtaje Saulo? Hawezi. Atamtaja baba yake mwenyewe, Amos. Hajadanganya hata kidogo, ila faili lake hulipati hata ukilitafuta mpaka Pasaka.

Bupe hakuwauliza majina matatu. Aliwauliza wanakaa mtaa gani, mtoto wa kwanza anaitwa nani, mume anafanya kazi gani. Halafu anataja yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Wa kwa Saulo?" Mwanamke akiinamisha macho, yamekwisha. Bupe anaingia kwenye rafu, anatoka na faili. Kwenye kona ya kila faili la mwanamke aliandika kwa penseli jina la baba mzazi, ili njia yoyote atakayopitia afikie palepale. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyempa cheti.

Ndipo ukaja mfumo wa kompyuta.

Mradi uliouleta makao yake yapo Iringa, na kiongozi wake ni Daktari Mehjabeen, binti wa wauza vitambaa wa kule mjini. Aliacha wodi akaenda kusomea mambo ya kompyuta za hospitali. Mwanamke ana akili, hilo sitamnyima, na anajua kuongea na watu. Alipokuja mara ya kwanza alikaa na madaktari, akakaa na wauguzi, akakaa na watu wa maabara, akaandika kila walichosema. Dirishani kwa Bupe alipita, akamwamkia, akaenda kuangalia waya wa umeme unatokea wapi.

Mganga mfawidhi wetu, Daktari Ezron, aliupenda mfumo ule kama mtoto anavyopenda viatu vipya. Kila kikao "kituo bila karatasi, kituo bila karatasi". Wakaletwa wasichana wa mkataba kuandikisha wagonjwa upya. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, aleji ya dawa. Kwenye ile aleji mfumo ulikuwa hausogei mpaka uchague kitu, na vya kuchagua ni viwili tu: ipo au hakuna. Mgonjwa akisema sijui, msichana afanye nini na foleni imefika kwenye geti? Anabonyeza "hakuna". Nimefagia nyuma ya viti vyao wiki nzima, nimesikia "hakuna" mpaka ikaniingia ndotoni.

Bupe aliliona tatizo siku ya pili. Wake za watu walikuwa wanaandikishwa kwa majina ya baba zao, mfumo unawapa namba mpya, na magonjwa yao yote ya nyuma yanabaki kwenye rafu. Akanunua daftari kubwa, akaanza kuoanisha: jina la dirishani upande huu, jina la kwenye faili upande ule. Baada ya wiki sita alikuwa amefikisha wanawake mia nne na kumi na mbili. Bado maelfu.

Hapo ikatoka barua. Chumba cha mafaili kiwe kitupu ifikapo Ijumaa, makaratasi yote yachomwe, maana Jumanne inayofuata Iringa kuna sherehe ya kuvipa vyeti vituo vya kwanza visivyo na karatasi.

Bupe alimfuata Daktari Ezron ofisini. Nilikuwa napiga deki, na mlango wa ofisi ile haujawahi kufunga vizuri.

"Daktari, naomba miezi miwili."

"Ya nini, mama?"

"Ya kuoanisha majina. Wanawake wengi mfumo unawaona wageni, wakati wametibiwa hapa miaka kumi."

"Mfumo haujui mgeni wala mwenyeji. Unasoma kilichoandikwa."

"Ndicho ninachokuambia. Kilichoandikwa sicho."

Daktari akacheka. "Mama Bupe, hayo mambo ya kutila uyaache Rungwe. Hapa ni hospitali."

"Mkeo alipojifungulia hapa, daktari, alimtaja baba yako?"

Kicheko kikakatika. Yeye mwenyewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na siku ile jina la baba yake alilitaja Bupe, mkewe akainamisha macho kama wengine.

"Ijumaa," akasema. "Na ufunguo umpe huyo wa usafi."

Huyo wa usafi ni mimi.

Alhamisi asubuhi Bupe akanikabidhi ufunguo. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mama Andendekisye, anza na yale ya ukutani kabisa. Ni ya waliokufa." Nikaanza na ya ukutani. Sijabeba hata boksi moja, Daktari Ezron akafika na simu yake mkononi. Anataka picha ya chumba kilivyofunguka, kwa hiyo anza na ya mlangoni, upesi. Na ya mlangoni, kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga kabati, ndiyo yanayotumika kila siku. Ndiyo ya walio hai. Ndiyo ya wanawake wanaokuja na watoto.

Nilibeba. Nina mtoto sekondari na mkataba wangu unasainiwa na mtu huyo huyo. Maboksi tisa yaliingia kwenye kichomea taka nyuma ya maabara siku ile, na kiberiti nilikiwasha kwa mkono wangu. Yaliyobaki ya mlangoni niliyapanga nje kwa ajili ya kesho. Bupe alikaa kwenye benchi la wagonjwa na daftari lake mapajani, mtu aliyefanya kazi hapo miaka ishirini na mitatu hana pa kukaa.

Ijumaa Daktari Mehjabeen alifika kutoka Iringa kukagua kabla ya sherehe. Na Ijumaa hiyo hiyo akaja Frida.

Alikuwa amejikata mguu na jembe shambani kwao, siku nne nyuma, akafunga kitambaa na majani. Mguu umevimba, homa imempanda, meno yanagongana. Alishushwa kwenye bodaboda, peke yake. Kwenye kompyuta akaulizwa majina, akasema Frida Amos. Likatokea: Frida Amos, ameandikishwa mwezi wa pili, aleji hakuna. Akapelekwa chumba cha sindano.

Bupe alimwona akipita anachechemea. Akainuka kwenye benchi akamfuata, mimi nyuma na ufagio. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa.

"Wewe si wa kwa Saulo?" Bupe akauliza.

Frida na homa yake yote akainamisha macho.

"Weka chini hiyo sindano," Bupe akamwambia muuguzi.

Muuguzi akabaki ameishika hewani. Daktari Ezron akaingia, Daktari Mehjabeen yuko nyuma yake.

"Mama Bupe, toka humu."

"Sitoki. Ni penisilini hiyo?"

"Haikuhusu. Mfumo unaonyesha hana aleji."

"Mfumo umeambiwa hana. Huyu alichomwa penisilini chumba hiki hiki, mtoto wake wa kwanza akiwa na miezi mitatu. Koo lilivimba, midomo ikawa kama maini. Tulimkimbiza mjini amebakiza pumzi mbili."

"Dada, ni kweli?" Daktari Mehjabeen akamuuliza Frida.

"Kuna sindano ilinikataa," Frida akasema. "Sikumbuki inaitwaje. Walisema wameandika."

"Imeandikwa wapi?" Daktari Ezron akamgeukia Bupe, na nakuambia aliuliza akijua mafaili tumeyachoma. "Nionyeshe."

Bupe aligeuka. Aliniangalia mimi.

Nilikimbia. Umri wangu na magoti yangu, nilikimbia mpaka nyuma ya maabara. Maboksi ya nje yalikuwa sita. La kwanza siyo, la pili siyo. Nikayamwaga chini kwenye majivu ya jana, nasoma kona za penseli. Katika lile la tano nikaona Amos, juu yake Frida Saulo, kurasa zimekunjamana, na kwenye jalada wino mwekundu umepigiwa mstari mara tatu: ASIPEWE PENISILINI.

Daktari Mehjabeen alilisoma amesimama. Alilisoma mara mbili. Muuguzi alimwaga ile dawa kwenye sinki bila kuambiwa na mtu, akaenda kuchukua nyingine.

"Wapo wangapi kama huyu?" Daktari Mehjabeen akamuuliza Bupe.

"Niliowapata ni mia nne na kumi na mbili. Wengine walikuwa chumbani. Boksi tisa zimeungua jana."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuja?"

"Uliniuliza, daktari? Uliniamkia ukaenda kuangalia waya."

Mehjabeen alilifunga lile faili. Kisha akasema uchomaji usimame, na kwenye mfumo liongezwe "haijulikani", na nafasi ya majina mawili, la kwa baba na la kwa mkwe. Iliongezwa wiki ile ile. Wiki ile ile, jamani. Kumbe ilikuwa kazi ya siku tatu, na mtu alikuwa anaomba miezi miwili ananyimwa. Mimi simchukii yule binti. Ila watu wanaotuongoza kwenye mambo mapya wana tabia ya kuuliza kila mwenye koti jeupe na kumruka mwenye ufunguo, halafu wakikwama wanamuuliza kwa nini hukusema.

Jumanne Daktari Ezron alikwenda Iringa akachukua cheti. Orodha ilikuwa imeshachapwa, walisema, haiwezi kubadilishwa. Kipo ukutani mapokezi na fremu ya dhahabu, na mimi ndiye ninayekifuta vumbi. Jumatano Bupe akapata barua yake: onyo, kwa kuingilia matibabu. Akaikunja akaiweka ndani ya daftari, akarudi chumbani kuendelea na kuoanisha, maana rafu zilizobaki walimrudishia. Yale maboksi tisa hawakumrudishia.

Na hayo tisa ndiyo yanayomnyima usingizi. Kila boksi lilikuwa na watu kama tisini. Majina mengi anayo kichwani kwa jinsi rafu zilivyopangwa, lakini jina siyo faili. Kwa hiyo Jumamosi hapumziki. Anavaa viatu vya shambani, anakwenda nyumba kwa nyumba, Uyole, Iyunga, mpaka juu huko kwenye viazi, kuuliza wake za watu dawa gani iliwahi kuwakataa, nani alipasuliwa, nani aliongezewa damu. Nauli ni yake. Mradi una magari matatu na sijaona hata moja likimfuata. Mimi naenda naye. Hakuniomba.

Mpaka sasa tumewafikia mia moja na sita. Wengine wanakumbuka. Wengi wanajibu kama Frida: waliandika, nendeni mkaangalie.

Jumamosi iliyopita tulimkuta mwanamke mmoja wa makamo, anachambua maharage uani. Bupe akamtajia mkwe wake, akainamisha macho, tukakaa. Akasema ndiyo, alipasuliwa mara mbili, na mara ya pili kuna kitu kilimharibikia kwenye dawa ya usingizi, karibu asiamke. Kitu gani, hajui. Daktari wa wakati ule alieleza kwa kirefu na Bupe akabandika karatasi kwenye faili.

"Si lipo?" akauliza.

"Limechomwa, mama," Bupe akasema.

"Moto ulitokea?"

"Hapana. Lilichomwa."

Yule mama akaacha maharage. "Na nani?"

Bupe alifungua daftari akajifanya anatafuta kalamu. Angeweza kusema uongozi, angeweza kusema mradi, na isingekuwa uongo.

"Na mimi," nikasema.

Aliniangalia muda mrefu. Sikuinamisha macho. Halafu akamgeukia Bupe, akamwambia aulize yaliyobaki, upesi, maana maharage yanataka kuwekwa jikoni.