Darasa Langu Lilivyomfokea Dada Yangu

Leo wanafunzi wangu hapa Ntinda, mbali na bahari, wamemfokea dada yangu aliye pwani, Watamu!

Nilimpigia kwa video maji yakiwa yamekupwa, awaonyeshe viumbe wanaoishi kwenye miamba ya bahari.

Akapindua jiwe. Chini yake kaa wadogo na konokono wamejibanza.

Kisha akaenda zake, jiwe kaliacha chali. (Jua la pwani mnalijua.)

"Madam, bambi, maskini, watakauka!" mwanafunzi mmoja akaniambia.

"Rudisha jiwe!" darasa zima likapaza sauti. Dada hasikii.

Kelele zikamleta mwalimu mkuu, uso kaukunja. Nikamweleza.

Akainamia kompyuta, akanguruma: "Mama, rudisha jiwe!"

Dada akashtuka, akalirudisha taratibu. Tukashangilia, mwalimu mkuu naye akapiga makofi.

Sasa dada anauliza yule mwanamume mkali ni nani, na kama ameoa.

Nimjibuje?