Mawifi Wawili na Foleni Moja

Ofisini walimwita Bi Foleni, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza. Hakulipenda jina hilo, lakini hakulikataa, maana kulikataa kungemlazimu kuongea na watu, na kuongea na watu ndilo jambo alilolichukia kuliko yote. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya kusambaza dawa, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mama wa mapacha, mwenye meza kando ya dirisha lisilofunguka. Ukimsalimia alijibu "nzuri" macho yakiwa bado kwenye skrini, na ukiendelea kusimama hapo alikuuliza kama umepotea.

Kazi yake haikuonekana kwa macho, ndiyo maana watu waliidharau. Zahanati zilikuwa na mfumo wao wa kuagizia dawa. Ghala lilikuwa na mfumo wake, wa zamani, wenye lugha yake. Magari ya kusambaza nayo yalikuwa na wa kwao. Mifumo hiyo haikuelewana hata neno moja, kama wageni waliokutana kwenye benchi la hospitali. Bi Foleni ndiye aliyekaa katikati. Programu yake ilipokea oda ya zahanati, ikaigeuza iwe katika umbo ambalo ghala lingeweza kulielewa, ikaipanga kwenye foleni, ikaikabidhi, kisha ikangoja ghala lijibu: nimepokea. Ghala likishajibu hivyo, oda ilifutwa kwenye foleni. Lisipojibu, oda ilibaki palepale na kutumwa tena na tena mpaka jibu lije. Ni hayo tu. Mambo yote yalisimama juu ya neno hilo moja.

Na mtu wa katikati hashukuriwi. Dawa zikifika, linasifiwa ghala, wanasifiwa madereva. Zisipofika, zahanati inasema ilituma, ghala linasema halijaona kitu, na wote wanageuka kumtazama Bi Foleni kana kwamba amezinywea oda hizo chai.

Sasa basi, aliyeushughulikia mfumo wa ghala alikuwa wifi yake.

Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane, mfupi, mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Mfumo ule aliuandika mwenyewe, miaka ambayo kampuni ilikuwa vyumba viwili na feni moja, na aliulinda kama mtu anavyolinda shamba la urithi. Vijana wa ofisini walisema jengo lile lina wifi mbili: moja inakatika kila mvua ikinyesha, nyingine haikatiki hata umeme ukizimwa. Walisema hivyo kwa kunong'ona.

Ni yeye aliyempeleka Bi Foleni kwa meneja na kumwombea kazi. Angeishia hapo, pengine wangeelewana. Lakini kila walipokutana na ndugu, kwenye harusi au kwenye msiba, alihakikisha watu wote wamesikia. "Huyu nilimwingiza mimi," alisema, akimshika bega kama anayeuza mbuzi. Bi Foleni naye, wiki yake ya kwanza tu kazini, alisimama kikaoni na kusema mfumo wa ghala umepitwa na wakati. Alisema kweli, na aliisema kwa raha. Tangu siku hiyo damu zao hazikuivana. Waliandikiana barua pepe wakiwa wamekaa pande mbili za ukumbi mmoja, nakala kwa meneja. Wakikutana mlangoni, wifi mtu alimtazama toka juu hadi chini na kusema, "Wifi, umekonda. Au kaka yangu hakulishi?" Bi Foleni alipita bila kujibu, akafika mezani kwake akazigonga herufi za kompyuta kwa nguvu hadi jirani yake akahamisha kikombe.

Katika kazi hii ya kuunganisha mifumo, kitu cha kwanza ambacho hata mwanafunzi hufundishwa ni kumwendea mwenzako wa upande wa pili na kumuuliza: ukiniambia umepokea, unamaanisha nini hasa? Umeona tu, au umeshaweka mahali pa usalama? Bi Foleni hakuuliza. Angevuka ukumbi ule kwenda kumuuliza nini mwanamke yule? Alijaribu mwenyewe, akaona majibu yanakuja upesi, akaendelea.

Halafu mchana mmoja, akiwa katika kupima kitu kingine kabisa, aliliona tatizo. Mfumo wa ghala ulijibu "nimepokea" mlangoni, kabla ya kuhifadhi chochote. Siku zote hilo halikudhuru kitu, kwa sababu kuhifadhi kulifuata papo hapo. Lakini diski ya ghala ikijaa, au ikikwama, oda ingejibiwa vizuri na kutupwa, na huku katikati ingekuwa imeshafutwa. Isingekuwepo popote duniani.

Alikaa akiitazama skrini, na moyo ukamsuuzika. Niseme wazi, maana yeye mwenyewe hakupenda kulisema: alifurahi. Angeweza kumwandikia wifi yake mstari mmoja. Angeweza walau kubakiza nakala za oda upande wake, kazi ya mchana mmoja. Badala yake alifunga dirisha lile la programu, akaenda zake kuwachukua mapacha shuleni, njia nzima akiwa na uchangamfu ambao watoto wenyewe waliushangaa. Siku yake itafika, alijiambia.

Ilifika mwaka uliofuata, Jumatatu. Diski ya ghala ilijaa asubuhi, na hadi mchana zahanati zote zilizoagiza zilijibiwa kwamba oda zao zimepokelewa. Magari yakaondoka nusu matupu. Madereva wakadhani ni wiki ya neema.

Kesho yake simu zikaanza. Ya nesi wa zahanati moja ya mbali ilielekezwa moja kwa moja kwenye meza ya Bi Foleni, maana mapokezi walishazoea kwamba kila lisiloeleweka ni lake.

"Dada, wewe ndiye mtu wa mfumo?" nesi aliuliza. Hakuwa na ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Niliagiza dripu na dawa ya homa ya watoto. Mkanijibu imepokelewa. Gari limefika na glavu na sabuni nilizoagiza wiki iliyopita. Hapa nina watoto wamelala wawili wawili kitanda kimoja."

"Tunafuatilia."

"Mnafuatilia. Na huyu mama aliyesimama mbele yangu nimwambie nini? Nimwambie imepokelewa?"

Nesi hakukata simu. Aliiweka tu mezani, na Bi Foleni akasikia mtoto akilia, kisha mtu akiitwa alete pikipiki, kisha nesi akimwelekeza mama namna ya kumpakata mtoto mpaka hospitali kubwa. Bi Foleni ndiye aliyekata. Hakuwahi kupiga tena kuuliza kama walifika salama. Aliogopa kujua.

Meneja aliwaita wote wawili, hakuwaruhusu hata kukaa. "Mmoja wenu amepoteza oda za watu wagonjwa," alisema. "Ijumaa mtanionyesha ni nani. Na huyo Jumatatu nisimwone hapa."

Nyumbani, mume alikuwa ameshazipata habari kwa dadaye. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha abiria mguu ukiwa juu ya breki ya ziada, na ndivyo alivyoishi na wanawake hao wawili. Alimfuata mkewe sebuleni.

"Mama Pacha, naomba nikuombe kitu."

"Usiombe."

"Yule akikosa kazi amekosa na nyumba. Anaishi nyumba ya kampuni, unajua. Semeni mmekosea wote. Yule meneja hawezi kuwafukuza wote wawili, mfumo atamwachia nani?"

"Mimi sijakosea. Nikajipake matope ili dada yako ang'are?"

"Ni dada yangu."

"Na mimi ni nani wako? Au mimi nami uliniingiza tu?"

Mume akaenda kuwafunga mapacha vifungo vya nguo za kulalia, ingawa walishajua kujifunga wenyewe. Bi Foleni alibaki na hasira na watu wote: mume, wifi, meneja, na zaidi yule nesi, ambaye hakumkosea kitu na ambaye sauti yake ilikuwa haitoki masikioni.

Ijumaa chumba cha mkutano kilikuwa na joto na harufu ya zulia kuukuu. Bi Foleni alichomeka kompyuta yake kwenye skrini kubwa ukutani. Hakuleta maneno mengi. Alifungua nakala ya majaribio ya mfumo wa ghala, akaizuia isiweze kuhifadhi kitu, kisha akatuma oda moja ya boksi la panadoli. Kabla hajanyanyua kidole, skrini iliandika: nimepokea.

"Haya, tuitafute," alisema. Akatafuta. Haikuwepo. Akatuma nyingine, ikapokelewa, nayo haikuwepo. Alituma mpaka meneja akasema inatosha.

Wifi mtu alikuwa amekunja mikono. "Na yeye mwulize," alisema. "Mtu wa katikati gani asiyebakiza nakala?"

"Umeniambia umepokea. Nibakize nakala ya nini? Nikuone mwongo?"

"Siku zote unaniona mwongo. Kwenye hili tu ndipo uliponiamini?"

Kijana wa magari aliyekaa pembeni aliangua kicheko, kisha akakimeza. Jibu lile lilimuudhi Bi Foleni, kwa sababu lilikuwa zuri.

Meneja akamgeukia. "Hili la kujibu mapema, ulilijua?"

Wifi yake naye alimgeukia. Hakumkata jicho kama kawaida yake. Alimtazama tu, akingoja.

"Nimeligundua juzi," alisema Bi Foleni bila kupepesa macho.

Basi yakaisha. Wifi mtu alikusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia, akapita katikati ya ukumbi kichwa juu, safari hii kimya, na ukimya ule uliwatisha vijana kuliko sauti yake yote. Bi Foleni alikabidhiwa mfumo wa ghala juu ya kazi yake. Jioni alirudi nyumbani amenunua tikiti maji, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kununua, akalikata mwenyewe, akala karibu nusu peke yake. Halikumpa raha.

Kuna jambo moja ambalo mtu mwenye akili nyingi kama yule alipaswa kulipigia hesabu, na hakulipigia. Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, gari la shule ya udereva lilisimama mlangoni, bango la mwanafunzi bado likiwa juu ya paa. Mume alishuka na godoro. Nyuma yake akashuka wifi na sanduku, kompyuta, na mtungi wa gesi.

"Ulitaka aende wapi?" mume alimuuliza mkewe kabla hajafungua mdomo. Alimuuliza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakukuwa na ombi ndani yake. "Mimi ni kaka yake. Mapacha watalala sebuleni."

Akaingia na godoro. Wifi mtu aliuweka mtungi jikoni bila kuonyeshwa njia, akavuta kiti, akakaa. Bi Foleni alikuwa kwenye sinki, akikisugua kikaango ambacho kilishatakata.

"Wifi," alisema yule mgeni wake. "Mume wako hayupo hapa, meneja hayupo. Ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema juzi. Lakini kumdanganya mtu huyu kuhusu foleni ilikuwa kazi bure. Katika nyumba ile, pengine katika mji mzima, hakukuwa na mtu mwingine ambaye angelielewa hata swali lenyewe.

"Tangu mwaka jana."

Wifi mtu alitikisa kichwa polepole. Hakupiga kelele. Bi Foleni alikuwa amejiandaa kwa kelele, na sasa hakujua aiweke wapi ile hasira aliyojiwekea akiba.

"Mimi nilijua siku ulipoanza," wifi alisema. "Niliandika hivyo zamani, mfumo wa kabla yako ulikuwa na papara, usipojibiwa haraka unarudia kila kitu. Ulipokuja nikasema, huyu atakuja kuniuliza, nitamwambia turekebishe. Sikukuona. Nikasema mwache, anajiona anajua. Siku akiangukia pua ndipo atajua nani alimwingiza hapa."

"Kwa hiyo ulikuwa unaningoja."

"Na wewe ulikuwa unaningoja mimi."

Maji yalikuwa yakitiririka. Bi Foleni akayafunga. Alitaka sana kumchukia mwanamke huyu, kama alivyozoea, na chuki ilikuja, ila safari hii haikumpata wifi peke yake. Walikuwa wawili, na katikati yao hakuwepo mtu wa kutupiwa lawama.

"Kuna nesi alinipigia simu," alisema.

"Mimi pia alinipigia," wifi akasema. "Yule mtoto..."

"Usiniambie."

"Sikuuliza. Niliogopa."

Mume alichungulia mlangoni, jasho la godoro likimtoka. Aliwakuta wamekaribiana, hawapigani, wala hakuna chombo kilichovunjika, akasimama hapo kama mtu asiyeamini macho yake.

"Mnaongea nini nyie?"

"Kazi," walijibu kwa pamoja.

Akacheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, akajifuta uso kwa shati, akasema alijua tu, alijua kwamba wakikaa nyumba moja watapatana. Kisha akaenda kuwaita mapacha waje wamwamkie shangazi yao, na wale wanawake wakabaki jikoni, kila mmoja akiepuka kumtazama mwenzake.