Santuri ya Kaka Salum

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Stratford, mashariki ya London, mwanangu, siku ambayo kaka yangu Salum alirekodi santuri yake ya nyimbo za Kirusi. Wewe unaijua Stratford ya maduka ya vioo. Yetu sisi ilikuwa ya karakana na matope. Salum alikodi ukumbi wa kanisa wenye piano, nami, wakati huo msichana ambaye sijaolewa bado, nilimpeleka Mama akasikilize. Mama alibeba chupa ya chai ya tangawizi kwa ajili ya koo la mwanawe, kana kwamba bado anampeleka chuoni kwa maalimu.

Nikueleze kidogo. Salum alitoka Unguja akiwa kijana, akaenda Moscow kusomea uinjinia. Uinjinia alirudi nao nusu, lakini alirudi na sauti, ile sauti nene ya kiume, si ya juu wala si ya chini kabisa, ambayo wenyewe huiita baritoni. Akatukuta London, tulikohamia yeye akiwa masomoni, akawa anaimba opera, ile michezo ambamo watu hugombana, hupendana na hufa kwa kuimba. Baadhi ya watu wetu walinung'unika kuwa mwacha mila ni mtumwa. Mama akawajibu kuwa aliyempa koo ni Mungu, basi wakamuulize Mungu.

Siku ile aliimba nyimbo za wafalme waliojuta na wapenzi waliokataliwa. Kila treni ikipita, fundi wa kurekodi alisimamisha kazi, wakarudia. Bangili za Mama nazo zililia, akazivua akazitia mkobani, akakaa mikono mitupu kama mjane mwenye eda. Jioni, fundi alipoanza kukunja nyaya zake, Mama akasimama.

"Salum, baba, sasa niimbie ile ya marehemu baba yako. Ile kasida ya maulidi. Mwambie aitie kwenye mashine, n'ende nayo nyumbani."

Salum akacheka kwa mapenzi. "Mama, kasida haisomwi na mtu mmoja. Inataka waitikiaji. Ngoja niwakusanye wenzetu wa Ilford na wa Hounslow, tuirekodi properly."

"N'taitikia mimi."

"Haitapendeza hivyo, Mama. Na muda tuliolipia ukumbi umekwisha."

Mama akamtazama. "Mimi siombi ukumbi, baba, wala siombi waitikiaji. Nakuomba wewe. Anayeombwa leo akajibu kesho, hiyo kesho kaitoa wapi?" Akavaa bangili zake, tukaondoka.

Usimdhanie vibaya kaka yangu. Baba yetu aliisoma kasida ile mbele ya safu ya wanaume wanaoyumba pamoja, ubani unafuka. Kwa Salum, kuisoma peke yake katika ukumbi wa watu ilikuwa kuivunjia heshima. Basi akaisubiri ile safu. Lakini London unaijua: huyu ana shifti Heathrow, yule kahamia mbali, mwengine tumeshamzika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi tulingoja mpaka tukazeeka.

Kisha ikaja saratani ya koo. Madaktari waliokoa roho yake, sauti wakaikata. Wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, na tangu hapo kaka yangu huandika kwenye simu anachotaka kusema. Wakati huo macho ya Mama yalishakwisha, na akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Asiyeona hasomi simu. Salum alikuwa akija kwetu Ilford kila asubuhi, akamsugua miguu kwa mafuta ya karafuu, na Mama akidhani ni mtu aliyeletwa na kaunsili kuhudumia wazee.

"Ahsante, mwanangu, una mikono mizuri," humwambia. "Salum wangu mbona haji?"

"Mama, ndiye huyu," namwambia.

Akampapasa uso, ndevu na makunyanzi yote. "Salum wangu ana sauti."

Asubuhi moja nikaiweka santuri. Wallahi nilikuwa na matumaini. Sauti ya ujana wake ikajaa chumba kizima, na Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Maskini, huyu Mzungu," akasema. "Nani kamuudhi?"

Salum alikuwa ameushika mguu wake. Hakuuachia.

Halafu Mama akaanza kuimba mwenyewe. Hakuimba maneno ya msomaji, aliimba kiitikio cha ile kasida, kama alivyoahidi Stratford. Alipokimaliza akatega sikio, akingoja msomaji adake. Salum akafungua kinywa. Ikatoka pumzi kwenye tundu la shingo, basi. Nikadaka mimi, kwa sauti yangu hii mbovu, na Mama akatikisa kichwa.

"Si yeye," akasema. Hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwetu aliyechelewa ni mwana, akamkuta mama si wake. Usiniulize faraja iko wapi. Nimeitafuta na sijaiona. Salum hadi leo huja asubuhi, akakaa karibu na kiti kitupu. Santuri hatuiweki.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Imba za Warusi, imba za Wachina, mimi sikukatazi. Lakini akikuomba anayekupenda, mpe siku ile ile, hata kama kitu hakijatimia, hata kama treni inapita. Nawe unayemjibu mama yako Kiingereza kutoka chumba cha pili, mjibu kwa Kiswahili chako hicho kibovu. Hicho kibovu ndicho atakachokitafuta macho yakimzimika.

Mungu akupe umri na koo zima. Na akuepushe na siku ya kumsugua mama yako miguu, naye akakushukuru kama mgeni. Amin.