Suruali Isiyochakaa Magotini

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii humfundisha mtu kusoma watu kwa nguo zao kabla hawajafungua mdomo. Karani huchakaza viwiko. Mpanda baiskeli hutoboka makalioni, na akileta suruali hujitia hamnazo akasema ni panya. Sijivunii elimu hii. Siku moja ilinionyesha jambo nisilotaka kuliona, nikafumba macho, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Habari yenyewe ni ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kabla ya vita alikuwa mpaka rangi, mtu mpole, mzito wa kusema na mwepesi wa kuahidi. Hakuingia jeshini kwa ushujaa. Aliingia kwa sababu vita vilipofika mwaka wa pili hakuna aliyetaka nyumba yake ipakwe rangi wakati hajui kama itakuwapo mwakani. Alimwachia dada nyumba ya vyumba viwili yenye paa bovu, binti mmoja wa shule, na mama yake mzazi aliyekuwa akikohoa chumba cha nyuma. Alimwachia na ahadi pia, kwamba mshahara wa kwanza ni wa mabati.

Dada hakubahatika kusoma, kwa hiyo barua zilikuja kusomwa dukani kwangu. Barua za mwanzo hazikuwa na vita hata kidogo. Alikuwa akiuliza ndoo ngapi sasa zinakinga maji chumbani. Binti amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo? Mama amepata dawa ya kifua? Alimsihi mkewe asiuze kitanda, mshahara umechelewa miezi mitatu lakini utakuja. Ukisoma ungedhani yeye ndiye amebaki nyumbani na sisi ndio tuko vitani.

Maji yalimfika dada shingoni pale mwenye duka la vyakula alipomfungia daftari la mkopo. Alisema anawakopesha wake za askari walio mstari wa mbele tu, maana hao ndio wanaomwaga damu, na kuhusu shemeji hajui yuko kazini au yuko matembezini. Dada aliniambia nimwandikie mumewe maneno hayo hayo, nami nikayaandika. Naona sasa kwamba kalamu yangu ndiyo iliyomsukuma.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Shemeji, mtu asiyeweza kusimulia hata alivyoanguka kutoka kwenye ngazi, alikuwa ameandika kurasa mbili za mapigano. Kikosi chao kilikuwa kimeshikilia kilima siku mbili chini ya risasi, naye alikuwa huko juu, tumbo kwenye udongo. Karatasi ilikuwa na madoa ya mafuta, kiasi kwamba niliviona vidole vyangu upande wa pili. Nikajiambia kuwa ni mafuta ya bunduki. Mafuta ya bunduki hayanuki kitunguu, lakini nilikuwa na watu kumi wamesimama mbele ya duka wakingoja kusikia, na mtu mwenye wasikilizaji kumi hana pua. Nilisoma kwa sauti. Penye risasi moja nikasoma tatu.

Basi shemeji akavikwa kilemba cha ukoka. Mtaa mzima ukamwita Bwana Kilima. Daftari la mkopo likafunguliwa, mwalimu mkuu akamrudisha binti darasani bila karo, na wateja wakaongezeka kwangu, kwani nani hataki kushonewa na shemeji wa shujaa? Haukupita muda pesa za mabati zikafika, zote kwa mkupuo mmoja, mkononi mwa dereva wa lori la vyakula vya jeshi. Mabati kumi na manane. Ndoo zikatolewa chumbani. Hakuna aliyeuliza mshahara uliochelewa miezi mitatu ulifikaje kwa lori.

Aliyetufaa kuliko wote alikuwa Mama Mkaa, mjane aliyeuza mkaa kwenye kona yetu. Mwanawe wa pekee alikuwa kikosi kimoja na shemeji. Tulimwita yule kijana Mwanzi kwa urefu na wembamba wake, na kwa kula kwake, maana alikula kama watu watatu na hakunenepa hata kidogo. Kila wiki Mama Mkaa alimletea dada debe la mkaa na hakuchukua senti. Alisema wanaume wanaolala handaki moja hawatozani, na wake zao na mama zao pia wasitozane.

Wiki tatu baada ya ile barua, ilikuja karatasi yenye muhuri. Mwanzi alikuwa ameuawa kwenye kilima kile kile. Mama Mkaa hakuacha kuleta mkaa. Aliniambia tu kuwa anangoja likizo ya shemeji, kwa sababu karatasi haina mdomo na yeye ana la kuuliza.

Baadaye wakamletea mfuko wa mwanawe: kikombe cha bati, mkanda, na suruali ya gwanda. Aliileta dukani. Magoti yote mawili yalikuwa yametoboka, na udongo mwekundu ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi hata sabuni haikuufikia. Hivyo ndivyo inavyokuwa nguo ya mtu aliyetambaa. Mama Mkaa akaniomba niyashone magoti. Sikumwuliza nani ataivaa. Nilitafuta kitambaa cha rangi ile ile, nikatia viraka viwili safi, nikaitundika kwenye kamba nyuma ya cherehani ingoje kupigwa pasi.

Likizo ya shemeji ilikuwa siku saba. Alishuka mtaani akiwa na mfuko mdogo na uso wa mtu aliyekuja kudaiwa. Watu walimpa mkono, watoto wakamwandama, mwenye duka akamtolea soda, naye kila akiitwa Bwana Kilima aliangalia viatu vyake. Tukasema ni unyenyekevu. Kesho yake dada akaniletea magwanda yake niyatengeneze. Suruali ilitakiwa kuongezwa kiunoni. Nilitania kwamba hivi ni vita gani vinavyonenepesha, dada akacheka, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu niliitandaza ile suruali mezani. Magoti yalikuwa mapya. Niligeuza upande wa ndani, nikatazama viwiko vya shati, vikawa vipya pia. Lakini kifuani na tumboni shati lilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya kuungua, vya duara, vingi, kama vile nilivyovizoea kwenye nguo za wauza chapati. Ni mafuta ya moto yanayoruka. Nikainua macho, na pale kwenye kamba ilikuwa imening'inia suruali ya Mwanzi.

Hapo nikajua. Nisidanganye kwamba nilishuku. Nilijua kama ninavyojua sindano kwa ncha yake. Nikaongeza kiuno, nikaziba vile vitundu kwa uzi wa rangi ya kufanana, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa mteja anayelipa. Kisha nikaitundika suruali kando ya ile nyingine. Nilijiambia kuwa ninamstahi dada. Kweli nilimstahi. Lakini nililistahi na duka langu.

Siku ya tatu mchana Mama Mkaa alikuja kwa dada. Alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo muuza mkaa halifanyi bila sababu. Tulikuwa tumekaa chumba cha mbele, dada, shemeji na mimi. Dada akamkaribisha kiti, akamtilia chai. Hakuigusa.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "habari ya risasi waliniandikia. Sikuja kuuliza hiyo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ile, kabla hajapanda, alikula?"

Nilimtazama shemeji. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja dogo, na yule mama angerudi kwake akiwa amepumua, na debe la mkaa lingeendelea kuja, na daftari lingebaki wazi, na binti angebaki darasani. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Dada alikuwa akitabasamu, akingoja mumewe amliwaze jirani.

"Mama," shemeji akasema, "mimi sikuwa kilimani."

Dada akageuka kumtazama.

"Mimi ni mpishi. Tangu nilipoingia mpaka leo sijapiga risasi hata moja. Nilipika chini bondeni, chakula kikapandishwa." Alikuwa akisema taratibu, huku akisugua magoti yake kwa viganja. "Mwanao alikula, lakini hakushiba. Jioni ile, kabla hawajapanda, alikuja mara ya pili na bakuli lake, nikamwambia chakula kimekwisha."

"Kilikuwa kimekwisha?"

"Sufuria ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kwa sababu yangu. Gunia zima la maharage na debe la mafuta nilikuwa nimeviweka kando, nimuuzie dereva wa lori. Miezi miwili nilifanya hivyo. Nikapika pungufu, nikaongeza maji."

Hakusema pesa zilikwenda wapi. Aliinua macho tu, akatazama mabati. Sote tukatazama. Mabati kumi na manane, hayajapata hata doa la kutu.

Watu husema uso umeumbwa na haya, na siku ile niliona nyuso tatu zimeumbwa hivyo kwa wakati mmoja. Wa nne haukuwa na haya kwa sababu haukuwa na la kuona haya.

"Akasema nini ulipomwambia kimekwisha?" Mama Mkaa akauliza.

"Alicheka. Akasema basi kesho nimtilie vijiko viwili zaidi. Akalamba kijiko chake, akakitia mfukoni, akaenda."

Mama Mkaa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu. Ndivyo Mwanzi alivyokuwa. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri, akamwambia shemeji ahsante kwa kumwambia kweli. Hakumlaani. Kama angemlaani, nadhani shemeji angelala usingizi siku ile. Akatupa mgongo, akatoka.

Dada aliitazama chai ya mgeni mpaka ikafanya utando. Akamwuliza mumewe ni mabati mangapi kati ya yale. Shemeji akasema yote. Dada akachukua kikombe, akaimwaga chai nje, akarudi, akasema kwamba angevumilia ndoo. "Miaka mitatu nililala na ndoo," akasema. "Nani alikwambia nimechoka nazo?" Shemeji alilia hapo. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, wala sikujua mtu mzima afanye nini mbele ya hilo, nikainama nikajifanya natafuta sindano kwenye mkeka.

Asubuhi yake dada alikwenda mwenyewe kwa mwenye duka, akamwambia mumewe ni mpishi, na daftari likafungwa. Hakupita kwangu.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani wakati Mama Mkaa alipoingia kuchukua suruali ya mwanawe. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja, au labda sikukisahau bali niliogopa kukigusa. Suruali mbili zilikuwa bado zimetundikwa bega kwa bega. Alisimama mbele ya zote mbili. Akashika magoti ya moja, kisha ya nyingine, akayapapasa kwa kidole gumba kama wanawake wanavyopapasa kitambaa sokoni kabla ya kuuliza bei.

"Hii ni ya shemeji yako."

Nikaitikia.

"Imekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ya likizo yake, mama."

Alihesabu siku kimyakimya. Nilimwona akihesabu. Alikuwa na debe la mkaa begani siku ile ya pili ya likizo, alipita mbele ya duka hili akaniamkua, nami nikamwitikia huku nikiziba vile vitundu.

"Wewe ni fundi," akasema. "Hukuona?"

Ningeweza kusema nina nguo nyingi, kwamba sikuangalia. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, laini, umepigwa pasi.

"Niliona, mama."

Hakushangaa. Aliitoa suruali ya mwanawe kwenye kamba, akaiweka mbele yangu, magoti juu.

"Fumua hivyo viraka," akasema. "Nataka magoti yake."

Nilichukua wembe mdogo nikaanza. Nilikuwa nimeshona mishono ya karibu karibu, ya kudumu, na kila mshono ulinichukua muda kuukata bila kugusa kitambaa cha zamani. Alikaa kwenye benchi ya wateja akanitazama mwanzo mpaka mwisho. Matundu yalipofunguka, nyuzi zilizokatika zikiwa na udongo wake mwekundu, akaingiza vidole ndani ya moja, akavitoa. Akaikunja suruali.

Kisha akauliza ni kiasi gani. Miaka yote aliyoishi kwenye kona ile hatukuwahi kuulizana hivyo, mimi na yeye. Nilitaka kusema hakuna deni, nikakuta sina mdomo wa kusemea. Nikataja bei. Akahesabu, akaziweka sarafu juu ya cherehani, bei kamili ya mteja wa mbali, nami nikazipokea.