Wachawi Wasio na Macho Mekundu

Nilipokuwa kidato cha nne Bariadi, tuliigiza tamthilia ya zamani ya Kiingereza tuliyokuwa tukiisomea mtihani. Tuliitafsiri wenyewe ili wazazi waelewe. Mwanzoni mwake wachawi watatu wanachanganya wema na ubaya kana kwamba ni kitu kimoja. Mwalimu alitutaka tueleze maana yake, kisha akatoa rangi nyekundu ya mdomo atupake kuzunguka macho sisi wasichana watatu tulioigiza wachawi.

"Macho mekundu kila mtu atayaelewa," alisema.

Mwenzangu mmoja, binti wa kijiji cha Ngulyati, alikataa. Bibi yake aliyemlea alikuwa na macho mekundu. Kuni kwao ni shida, hivyo bibi alipikia mavi makavu ya ng'ombe miaka yote, na moshi wake unachoma. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Huku kwetu minong'ono ya aina hiyo imewahi kuishia kwenye mapanga. Na majirani hao wangekuja siku ya wazazi, pamoja na bibi.

"Wakituona hivi, watarudi nyumbani na ushahidi," alisema.

"Sasa watawajuaje?" aliuliza mvulana aliyeigiza mfalme. "Mtavaa beji?"

"Wasitujue. Si ndiyo maana yake, mwalimu? Ubaya unakuja umeoga, unanukia. Na yule unayemwona mbaya, huenda ndiye anayekupikia ugali."

Mwalimu alifunika rangi yake.

Siku ilipofika tuliingia jukwaani na vitenge vipya, nyuso zinang'aa mafuta. Bibi alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Kati yake na jirani yake wangeweza kukaa watu wawili, na hakuna aliyekaa. Tulimpigia mfalme magoti, kama wasichana waliolelewa vizuri, tukamwahidi makubwa. Zamu yetu ilipokwisha tuliketi chini, mbele ya benchi lile. Mfalme akaua, akaua tena, akaanza kuharibikiwa. Nyuma yangu nikasikia benchi likilia. Jirani alikuwa amesogea hadi kwa bibi.

"Mayu, mama yangu, mbona wachawi siwaoni?"

"Si hawa hapa, waliopiga magoti."

"Hawa? Wasichana wazuri hivi?"

"Hawa hawa."

"Yaani mimi nimekaa nangoja waingie!"

Mwenzangu hakugeuka, ila alinishika mkono. Tulisikiliza kama benchi litalia tena, jirani akijitenga. Halikulia mpaka tamthilia ilipokwisha na watu wote wakasimama.